SSD haionekani baada ya kubadili mazabodi? Usinunue nyingine kwanza

*"Kaka fundi habari za kazi. Nina kompyuta ya nyumbani, prosesa i5-10400F, ram 16 (mbili za 8), kadi ya GTX 1650, SSD ya NVMe ya 500GB ndo ilikuwa na Windows 10, na hadi diski (HDD) ya 1TB. Mwezi uliopita umeme ulikatika ukarudi na nguvu, bodi ikafa, ilikuwa H410. Nikanunua bodi ya B560 used, shemeji yangu akanifungia. Mwanzo hapakuwa na picha kabisa kwenye HDMI ya bodi, tukahamishia waya kwenye kadi ikawaka. Ila sasa SSD haionekani hata kwenye BIOS, hadi diski inaonekana. Ram inasoma 8 tu. Fundi wa mtaani kwetu kasema SSD imeungua pamoja na bodi, akaniwekea Windows kwenye SSD ndogo ya 128 ya kuazima, na hapo intaneti ya waya haipo, sauti hakuna, USB za mbele zimekufa, Device Manager imejaa alama za njano. Kwenye ile SSD kubwa kuna video za harusi za wateja nazoedit, sina kopi nyingine. Ninunue SSD mpya, au nirudishe bodi kwamba nimeuziwa mbovu?"*

Pole sana dada yangu, na kabla sijaenda mbali: usinunue SSD (ile diski ya chipu) leo, na asije mtu akafomati chochote humo ndani mpaka umemaliza kusoma hapa. Umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi ambao huniambia tu "fundi imegoma", na kwa maelezo hayo dalili zote zinaelekea kwamba SSD yako ni nzima, imechomekwa tu kwenye sloti ambayo prosesa yako haina njia ya kuifikia. Nakuambia ukweli, mara ya kwanza hii kitu iliponikuta mimi mwenyewe nilimwambia mteja SSD imekufa, akanunua nyingine, tukaichomeka palepale na yenyewe "ikafa". Mbili kufa siku moja ndo nikashtuka, nikatafuta kitabu cha bodi, kumbe jibu limeandikwa humo kwa maandishi madogo. Nilimrudishia hela yake na kichwa chini.

Umetaja matatizo kama sita hivi, na ukiyaweka pamoja yanafanana na ugonjwa mmoja mkubwa, "bodi mbovu". Hapo ndo tunapoteleza, sisi mafundi kabla hata ya wateja, vitu vingi vikigoma kwa pamoja tunatafuta mchawi mmoja. Kwako kila kimoja kina sababu yake, na kimojawapo wala sio tatizo.

Nianze na hicho tukitoe njiani, HDMI ya bodi kutotoa picha. Soma tena jina la prosesa yako, 10400F, ile F ya mwisho maana yake Intel wameiuza bila grafiki ndani yake, kwa hiyo HDMI ya kwenye bodi haina wa kuipa picha, leo wala kesho, na kwenye bodi yoyote utakayoifunga. Hata kwenye H410 ilikuwa hivyohivyo, ila waya wa monita ulikuwa unakaa kwenye kadi siku zote ndo maana hukugundua. Waya ubaki kwenye kadi, tumemaliza.

Sasa hili neno "haionekani". Haionekani wapi? Kifaa kinapita vituo vitatu mpaka wewe ukione kwenye skrini. Kwanza kipate umeme na kiwe kimeungwa na njia ya kupitishia data. Pili kihesabiwe na BIOS, ile programu inayokaa kwenye bodi yenyewe na kuamka kabla ya Windows. Tatu Windows ipate draiva ya kuongea nacho. Kwa hiyo kitu ambacho BIOS haikioni, hata uinstol Windows mara kumi hakitatokea, maana Windows zamu yake bado haijafika. Na kitu ambacho kinakosekana kwenye Windows peke yake mara nyingi ni kizima, kinakosa draiva tu. SSD yako na ram ziko kundi la kwanza. Intaneti, sauti na zile alama za njano ziko kundi la pili. USB za mbele zina kesi yao ya pembeni. Ukishagawanya hivyo hata hofu inapungua.

Kwa nini SSD imepotea

Prosesa inaongea na vifaa vya kasi kwa njia zinaitwa PCIe, zifikirie kama barabara zenye leni. Prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 10, zilizotoka 2020, ambako 10400F yako ndo iko, zina leni 16 tu zinazotoka kwenye prosesa moja kwa moja, na zote 16 zimeenda kwenye sloti ndefu ya kadi ya grafiki. Hamna inayobaki. Vitu vingine vyote, yaani SSD, SATA (poti za waya za hadi diski), intaneti na USB, vinapitia chipseti, ile chipu ya kwenye bodi inayokusanya abiria wadogo wadogo na kuwapeleka kwa prosesa kwa barabara yao ya pamoja.

Halafu mwaka 2021 kikaja kizazi cha 11, Intel wakaongeza leni 4 kwenye prosesa zikawa 20, na hizo 4 za ziada wakazitenga kwa ajili ya SSD ya NVMe, aina inayopita kwenye leni hizi za PCIe. Bodi za B560 zilitengenezwa kwa ajili ya kizazi hicho, kwa hiyo kwenye bodi nyingi za aina hiyo sloti ya juu ya M.2 (tundu jembamba la kulazia SSD kama yako), ile iliyo jirani na prosesa, imeungwa na zile leni 4 mpya na sio na chipseti. Sasa tundu la prosesa kwa vizazi vyote viwili ni lilelile, LGA1200, ndo maana 10400F yako imeingia bila ubishi na mashine imewaka vizuri, ila kwenye sloti ile ya juu upande wa prosesa yako hakuna mtu. Ni kama umepanga nyumba jikoni kuna bomba jipya linang'aa, unafungua hakitoki kitu, kumbe fundi alilaza bomba ndani ya ukuta ila hajaliunga na bomba kubwa la mtaani. Koki nzima, ndoo nzima, maji ndo hayajafika.

Na kinachoudhi ni kwamba BIOS haikuambii chochote, hakuna onyo wala kosa la kusoma, inanyamaza tu kama vile hujachomeka kitu. Kwenye H410 hukukutana na hili kwa sababu M.2 yake ilikuwa inapitia chipseti. Simlaumu shemeji yako pia, sloti ya juu ndo huwa ina lile bati la kupooza joto, mtu yeyote akiiona anasema SSD inakaa hapa.

Suluhisho ni bisibisi moja: hamishia SSD kwenye sloti ya M.2 ya chini. Ukitaka kuhakikisha kabla, angalia maandishi madogo kwenye bodi pembeni ya kila sloti. Gigabyte wao ni waungwana wameandika M2A_CPU kwa ya juu na M2P_SB kwa ya chini, hiyo SB ndo upande wa chipseti. ASUS na MSI wanaandika namba tu, M.2_1 na M.2_2 au M2_1 na M2_2, na ya kwanza ndo ya prosesa. Kitabu cha bodi kiko bure kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta jina kamili la bodi (limeandikwa kwa maandishi makubwa katikati ya bodi yenyewe) na usome sehemu ya Storage.

Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, bonyeza batani ya kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, na ushike chuma cha kesi kabla hujagusa kitu. Fungua ile skrubu ndogo, SSD itanyanyuka yenyewe upande mmoja, ivute ikiwa imelala kiupandeupande hivyohivyo, iingize ya chini kwa mtindo huohuo, ilaze, funga skrubu. Bodi used mara nyingi hazina kile kinguzo kidogo cha kufungia skrubu, kikikosekana kiulize dukani ni kitu cha bei ndogo, usiiache SSD ikining'inia wala usiibandike na selotepu. Halafu washa ukibonyeza Del (kwenye ASUS F2 pia inakubali) uingie BIOS uangalie orodha ya disiki.

Utauliza, je sloti ya chini si itakuwa ya polepole? Kwako hapana. Ya juu faida yake ni kasi ya PCIe 4.0 ambayo prosesa yako haina hata ingetaka. Ya chini kwenye bodi hizi kwa kawaida ni PCIe 3.0 yenye leni 4, inapitisha karibu gigabaiti 4 kwa sekunde, NVMe nyingi za 500GB za kizazi hicho hazifiki hapo. Hutapoteza kitu. Kama bodi yako ni zile zenye sloti moja tu ya M.2 na ndo hiyo ya prosesa, kuna kadi ndogo ya kubebea NVMe inachomekwa kwenye sloti fupi ya PCIe, kwenye leni moja utapata kama gigabaiti 1 kwa sekunde, bado ni haraka kuliko SSD yoyote ya SATA. Njia nyingine ni kubadili prosesa uweke ya kizazi cha 11 mfano i5-11400F, sloti ya juu itafufuka palepale, ila sikushauri, ni hela nyingi kwa tatizo la skrubu moja.

Kitu kimoja kwa faida ya wengine watakaosoma: kuna SSD za umbo hilihili la M.2 ambazo ndani ni SATA, sio NVMe. Hizo kwenye sloti ya prosesa huwa hazisomi hata ukiwa na kizazi cha 11, na ukiziweka ya chini bodi nyingi zinazima poti moja ya SATA ili ziipishe. Hapo ndo mtu anaweka SSD, SSD inaonekana, hadi diski inapotea, anachanganyikiwa kabisa anadhani zinapokezana. Unahamisha tu waya wa hadi diski kwenda poti nyingine.

Ikionekana, usikimbilie kuiwasha

Najua utafurahi utataka uingie Windows yako moja kwa moja. Tulia. Iache ile SSD ya 128 ya kuazima ndo iwashe kompyuta mara moja ya mwisho, uingie humo, uifungue SSD kubwa kama disiki ya kawaida, na ukopi kazi za wateja kwenda kwenye hadi diski ya 1TB. Ukifika kwenye folda ya Users itakuambia huna ruhusa, bonyeza Continue usubiri, kwenye folda kubwa inachukua muda mpaka unadhani imeganda. Kama SSD haina herufi kwenye This PC nenda Disk Management uipe herufi. Ila Windows ikikuambia neno Initialize au Format, kataa, funga dirisha, hapo niulize kwanza au nenda kwa mtu. Na ukiona alama ya kufuli kwenye disiki maana yake ilikuwa imefungwa na BitLocker, kubadili bodi kunaifanya idai ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia huko kwa simu utaukuta.

Ukishakopi zima, toa ile ya 128, washa. Windows yako ya zamani itaamka itaandika Getting devices ready, inaweza kujizima na kujiwasha mara mbili tatu, iache, inajifunza bodi mpya. Windows 10 ni hodari kwa hilo, sio kama zile za zamani zilizokuwa zinakupa skrini ya bluu hapohapo. Ukiona bluu imeandikwa INACCESSIBLE BOOT DEVICE, nenda BIOS uangalie disiki zimewekwa AHCI au RAID (ni namna mbili za kuziendesha disiki), inatakiwa iwe kama ilivyokuwa kwenye bodi ya zamani, na nyumbani karibu kila mara ni AHCI.

Suala la leseni nalo litakuja, itakuambia Windows haijawa activated. Kwa Microsoft bodi mpya ni kompyuta mpya. Kama leseni yako ni ya kununua dukani na uliiunganisha na akaunti, kwenye Activation kuna Troubleshoot, unachagua kwamba umebadilisha kifaa hivi karibuni, inarudi. Kama ni ile iliyokuja na mashine (OEM), hiyo ilifungwa kwa bodi iliyokufa, imekufa nayo. Na kama ni ile ya fundi, unajua mwenyewe. Windows 10 yenyewe msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, prosesa yako inakubaliwa na Windows 11, ukitaka kupanda washa kitu kinaitwa Intel PTT kwenye BIOS, ni cha usalama na Windows 11 inakidai. Ila sio wiki hii, maliza kwanza haya.

Na kama umehamisha ya chini bado BIOS haioni? Hapo ndo nami naanza kuwa na wasiwasi, maana mshtuko wa umeme ulioua bodi unaweza kuua na SSD, nisikudanganye. Kipimo cha haki ni kuitoa uiweke kwenye kava la USB la NVMe (hakikisha ni la NVMe, yapo ya SATA yanafanana) au kwenye kompyuta ya mtu mwingine yenye M.2. Ikisoma kule, tatizo ni bodi. Isiposoma kote, basi fundi wa mtaani kwenu alikuwa sahihi, na kama zile harusi ni muhimu iache bila kuiwasha washa na uipeleke kwa wanaofanya kazi ya kuokoa data. Gharama yao ni kubwa na hawana uhakika wa kukurudishia, uwe umejiandaa.

Ram inayosoma 8

Kabla ya yote ingia BIOS uone yenyewe inasoma ngapi. Ikisoma 16 na Windows inasema 8 hiyo ni habari nyingine nyepesi. Ikisoma 8, basi moja haijaguswa vizuri. Zitoe zote, sugua miguu ya dhahabu kwa ufutio safi wa penseli, pangusa, rudisha kwa nguvu mpaka usikie "ka" kwenye kila sloti. Bodi ikiwa na sloti nne tumia ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Isipokubali pima moja moja: ram hii kwenye sloti hii, halafu ileile kwenye sloti nyingine, halafu badilisha ram. Ndani ya dakika kumi utajua kama mgonjwa ni ram au sloti, maana mgonjwa atamfuata mmoja wao.

Ikiwa ni sloti, yaani ram zote mbili zinagoma pale na zinakubali kwingine, mimi naenda kuangalia chini ya prosesa. Bodi hizi miguu haiko kwenye prosesa, iko kwenye tundu, visindano 1200 vyembamba kuliko unywele, na bodi used imeshapita mikono mingi. Kimoja kikipinda kikiwa ni cha upande wa ram, utapoteza sloti ya ram na kila kitu kingine kitafanya kazi kama kawaida, ndo maana inadanganya. Wakati mwingine hata hakijapinda, ni feni ya prosesa imekazwa upande mmoja kuliko mwingine, unalegeza skrubu zote nne na kukaza kwa msalaba kidogo kidogo, ram inarudi. Hilo la feni jaribu mwenyewe. La visindano piga picha kwa simu na tochi ukiwa umeinamisha bodi, uone mistari kama imenyooka, ila usivinyooshe wewe. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye lenzi na mkono mtulivu, kikikatika hakuna kurudi nyuma.

Intaneti, sauti na zile njano

Hizi usizihofie kabisa. Windows imeinstoliwa kwenye bodi ambayo chipu yake ya mtandao haiijui, na bila mtandao haiwezi kushusha draiva, na bila draiva haina mtandao, mduara huo. Unaukata kwa simu: chomeka simu kwa waya wa USB, kwenye simu washa USB tethering, Windows itaiona simu kama kadi ya mtandao bila kuhitaji kitu cha ziada. Tumia poti za nyuma maana za mbele bado. Ukishapata intaneti, nenda tovuti ya mtengenezaji wa bodi, ukurasa wa bodi yako kwa jina kamili, shusha draiva ya chipset uiweke ya kwanza, halafu LAN (ya intaneti ya waya), halafu audio. Bando ikiwa ndogo shusha ya LAN peke yake kwa simu uihamishe, nyingine utamalizia kwa waya.

Utaona majina ya kutisha kwenye Device Manager, SM Bus Controller, PCI Simple Communications Controller, watu wananitumia picha wakiuliza kimeungua nini. Hakuna kilichoungua, hayo ni mambo ya chipseti, draiva zake zikikaa yanapotea. Ukikutana na kimoja kisichokuwa na jina kabisa bonyeza Properties, Details, chagua Hardware Ids, utaona herufi VEN na namba. VEN_8086 ni Intel (wameipa namba ya prosesa yao maarufu ya 1978, nami huwa naipenda hiyo), VEN_10EC ni Realtek, VEN_10DE ni NVIDIA. Hapo unajua draiva ya nani utafute. Zile programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa mpigo achana nazo, zinaleta takataka nyingi kuliko draiva.

Jambo dogo linalosahaulika kwenye bodi used: angalia saa na tarehe. Ikiwa inarudi nyuma miaka kila ukizima, kibetri cha CR2032 kimekwisha, na tarehe ikiwa ya zamani tovuti nyingi zitakataa kufunguka zikikuambia muunganisho sio salama. Watu wanadhani mtandao mbovu, kumbe ni kibetri cha bei ya soda.

USB za mbele ni waya tu unaotoka kwenye kesi. Ule mnene wa USB 3.0 una matundu 19 na unaingia kwa upande mmoja tu, ukilazimishwa visindano vya kwenye bodi vinapinda. Ule mwembamba wa USB 2.0 una 9. Na jirani yake upo wa spika na maiki ya mbele, umeandikwa HD AUDIO, usiuchanganye. Kama sauti inakosekana nyuma pia basi ni draiva, kama nyuma ipo na mbele hamna basi ni huo waya.

Saplai, na wakati wa kumuona fundi

Kuna mtu hamjamtaja kabisa, pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Umeme uliorudi na nguvu ulipita kwake kwanza ndo ukafika kwenye bodi. Inawezekana amepona, inawezekana anachechemea na ndo ataua na hii B560. Ukiona kompyuta inajizima yenyewe ukianza kuedit, hadi diski inapotea na kurudi, au harufu ya kuungua, zima na uipeleke ikapimwe ikiwa na mzigo, sio kwa kushika waya tu ikaonekana feni inazunguka. Na mkibadilisha saplai zile za waya za kuchomoa, badilisheni na waya zake zote. Waya za saplai moja zinaweza kuingia vizuri kwenye nyingine huku mpangilio wa umeme ni tofauti, nimeona hadi diski ikitoa moshi kwa sababu hiyo, na hiyo tena hakuna draiva wala sloti ya kuiokoa.

Kuhusu kurudisha bodi, hamna haja kama SSD imesoma chini na ram zimerudi, maana haitakuwa mbovu, imekutana tu na prosesa ya kizazi cha nyuma. Ila kama visindano vimepinda, au sloti ya M.2 ya chini imekataa SSD ambayo kwenye kava inasoma, irudishe haraka kabla siku ulizopewa hazijaisha, na uende na zile picha za simu zenye tarehe, maana neno la kwanza utakaloambiwa ni kwamba umepinda mwenyewe. Ukimpelekea fundi beba kompyuta nzima, na SSD ya NVMe itoe ubaki nayo mkononi mpaka akuambie anaihitaji kwa kazi gani.